Mkulima Namba Moja na Nakala Zake

Jumatatu ya pili ya Januari, saa nne kamili asubuhi, ilitangazwa rasmi mjini Mbinga kwamba wakulima, ambao miaka yote walikuwa wakizaliwa kiholela, sasa wataundwa kwa utaratibu. Tangazo lilisomwa na Bwana Pankras, Mratibu Mkuu wa Ofisi ya Uundaji wa Wakulima Kidijitali, mbele ya maturubai mawili, kwaya na keki. Alipofika kwenye neno "kidijitali" alivua miwani, ili wananchi waone kwamba halimtishi.

Kwa mujibu wa hotuba, mtu asiyekuwemo kwenye mfumo hakuwa mkulima bali mtu aliyesimama shambani. Mtu wa namna hiyo asingepata mbolea ya kahawa, na mgawo wa mbolea ulikuwa unafungwa mwisho wa Februari. Watu walipiga makofi, kwa sababu kwaya ilikuwa imeanza kuyapiga.

Mtu wa kwanza kufika dirishani alikuwa Mama Notburga wa kijiji cha Ukata, mjane mwenye mibuni mia nane na tabia ya kutoamini matangazo. Alipokelewa na Scholastica, ofisa TEHAMA, ambaye peke yake katika ofisi ile ndiye aliyejua mfumo unafanyaje kazi. Scholastica alimuuliza maswali kumi na moja. Kwenye swali la mteremko wa shamba, Mama Notburga alijibu, "Ukidondosha boga kwangu, unalifuata kwa jirani." Scholastica akaandika: mkali.

Pankras alisimama nyuma ya kiti, akitazama saa.

"Hiki kinaitwa kiundaji, Mheshimiwa," Scholastica alimweleza akionyesha kioo cha kompyuta. "Ndiyo sehemu ya programu inayomleta mkulima kwenye mfumo. Unakipa jina, kijiji, zao, mteremko, mambo yote kumi na moja. Kikishapata, kinamuunda mtu na kumpa shamba lake."

Maswali kumi na moja kwa bibi mmoja! Pankras alipiga hesabu. Lengo lilikuwa wakulima elfu kumi na nne, na ripoti ya mafanikio ilikuwa imeshaandikwa na kupigwa mhuri, ikisubiri mafanikio tu.

"Huyu ametoka vizuri," alisema. "Mnakili."

"Mara ngapi?"

"Mpaka lengo litimie. Majina mtabadilisha, yachukueni kwenye orodha ya simu."

Scholastica aliacha kuchapa. "Mheshimiwa, nakala ya haraka ni ya juu juu. Jina linabadilika, lakini shamba halinakiliwi. Kila nakala itaelekezwa kwenye shamba lilelile la Mama Notburga. Mmoja akiligusa, ameligusa la wote. Tukitaka kila mtu awe na lake, inabidi tumuunde mmoja mmoja."

"Wakulima elfu kumi na nne kwenye shamba moja," Pankras alirudia polepole, na machozi yakamlengalenga kwa fahari. "Binti, unajua hicho kinaitwaje? Hicho ndicho ushirika."

Kufikia Jumatano jioni kazi ilikuwa imekwisha. Mama Notburga alikuwa Namba Moja. Namba Mbili alijiweka Pankras mwenyewe, kwa kuwa kanuni aliyoiandika kwa mkono wake ilisema Mratibu sharti awe mkulima mwenye shamba kwenye mfumo, aongoze kwa mfano. Shamba alikuwa nalo kweli, kule kata ya Ruanda, humuhumu wilayani, zuri tu, na alikuwa amelitembelea mara mbili pamoja na mpiga picha.

Mambo yalienda barabara hadi katikati ya Februari, alipotokea Placidi, mvuvi wa dagaa waitwao usipa kutoka Liuli, ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Simu yake ilikuwa imepokea ujumbe wa kumpongeza kwa kilimo cha kahawa kwenye mteremko mkali. Placidi hakuwahi kuumiliki mteremko wowote isipokuwa ule wa kushushia mtumbwi. Mtu mwingine angefuta ujumbe akaendelea na nyavu zake, lakini Placidi alikuwa na ugonjwa wa kusema kweli, ambao ofisini hauna dawa.

"Mimi navua usipa," alisema. "Andikeni hivyo, nisije nikaletewa mbolea ya watu."

Pankras alifurahi mno kumpata mwananchi wa kuhudumia mbele ya kamera. Alikaa mwenyewe kwenye kompyuta, akaandika kwa kidole kimoja. Mahali shamba lilipo: ziwani. Zao: usipa. Akabonyeza kuhifadhi. Papo hapo mashamba yote ya Mbinga yaliteremka milimani, yakaingia Ziwa Nyasa, na hakuna aliyesikia maji yakiruka.

Siku tatu baadaye Mama Notburga alirudishwa kutoka ghala la mbolea. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Mratibu na kusimama mbele ya meza. Pankras, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka thelathini, hakumwamkia. Shikamoo haikuwa na nafasi kwenye fomu.

"Mama, mfumo unaonyesha una shamba la usipa," alisema. "Usipa hautiliwi mbolea."

"Mwanangu, mimi hata kuogelea sijui."

"Hilo linahusu idara nyingine."

Mama Notburga alishika ukingo wa meza. "Mibuni ile aliipanda marehemu mume wangu. Alipofariki nikaibeba mwenyewe, mwaka wa kumi na tisa huu. Mwaka jana sikuitia kitu, imekonda. Ikikosa na safari hii, nitakuwa nachuma majani. Sijaja kuomba la mtu. Nirudishie shamba langu."

Pankras alihisi kuonewa. Alikuwa amemfanya bibi huyu kuwa kielelezo cha wilaya nzima, na shukrani yake ndiyo hii! Palepale akamwandikia Waraka Namba Saba: mtu anayetaka kuundiwa shamba jipya ataonekana akifanya kazi shambani kwa mikono yake, na mkulima asiye nakala atashuhudia na kuweka dole gumba. Aliusoma kwa sauti, akitabasamu. Katika wilaya yote mkulima asiye nakala alikuwa mmoja tu, na ndiye huyo aliyesimama mbele yake akitafuta shahidi.

Scholastica aliupokea waraka kuufungia kwenye faili. Aliusoma mara mbili, akaona kwamba haukusema popote kuwa mtu haruhusiwi kujishuhudia. Alasiri akaomba ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno, akapanda bodaboda hadi Ukata, akamkuta Mama Notburga akipalilia mibuni. Alimtazama kwa nusu saa, akamchukua alama ya dole gumba, akajaza upya yote kumi na moja. Kiundaji kikampa mama shamba lake peke yake, lisiloshirikiwa na nakala yoyote. Tarehe ishirini na saba alipata mbolea. Pankras hakuambiwa, kwa kuwa hakuuliza.

Yeye alikuwa na jambo zito zaidi: wakaguzi walikuwa njiani kutoka Dodoma. Wangeshangaa kukuta wilaya ya kahawa ikilima chini ya maji.

"Lifute hilo shamba la ziwani," aliamuru.

"Mheshimiwa, hilo ndilo shamba la nakala zote," alisema Scholastica. "Na wewe mwenyewe ni—"

"Mimi ni Mratibu Mkuu. Futa."

"Naomba saini."

Akasaini, tena kwa wino wa kijani. Shamba likafutika.

Wakaguzi walikaa siku moja. Walikuta wakulima elfu kumi na tatu mia tisa tisini na tisa, wote safi, wote hawana shamba. Kisha wakafungua Namba Mbili. Shamba: hakuna. Wakafungua kanuni, wakasoma kipengele cha Mratibu kuongoza kwa mfano. Yule mkubwa wao, mtu mpole sana, akaeleza kwamba Pankras atakaa pembeni ya kazi mpaka aundiwe shamba kwa kufuata Waraka Namba Saba.

"Ni waraka mzuri," aliongeza. "Nani aliuandika?"

Mwisho wa mgawo wa mbolea ulisogezwa mbele, na wakulima wengine hawakupata tabu. Mama Notburga alizunguka vijijini na kidau cha wino, akiwakuta watu wakifanya yale waliyokuwa wakifanya tangu zamani, naye akaweka dole. Kila aliyeshuhudiwa akawa mwingine asiye nakala, akashuhudia jirani zake. Placidi na wenzake Scholastica aliwatengenezea kiundaji cha wavuvi. Namba Mbili tu ndiye aliyeandikiwa na wakaguzi, kwa heshima ya cheo, kushuhudiwa na Namba Moja mwenyewe.

Hivyo mwezi Machi, kule Ruanda, kwenye kipande cha shamba kilichoota majani hadi kiunoni, Pankras alisimama na fyekeo mkononi na viatu vya ofisini miguuni. Mama Notburga alikuwa amekaa juu ya jiwe, kidau mapajani. Vibarua wa shamba walikaa ukingoni, wakila mahindi ya kuchoma na kuangalia.

"Shikamoo, mama," alisema Pankras.

"Marahaba. Tuonyeshe ngolo."

Hakuna Mmatengo, mwenyeji wa milima ya Mbinga, asiyejua ngolo: unafyeka majani, unayalaza kwa miraba, unachimba katikati na kuyafunika kwa udongo, mlima mzima unabaki mashimo mashimo na mvua haiondoki na shamba. Pankras alizijua vizuri sana kutoka kwenye kalenda ya ofisi. Alifyeka, akalaza majani, akaweka fyekeo chini na kujikung'uta mikono.

"Kwa mila zetu, mama, mwanaume analaza majani. Kuchimba ni kazi ya wanawake."

"Waraka umesema mwenye kutaka shamba, kwa mikono yake," alijibu Mama Notburga. "Umeuandika wewe."

Pankras akachukua jembe. Saa sita ilimkuta na shimo moja, lililopinda upande, na viganja vimechubuka. Aliutazama mteremko uliobaki, unaopanda mpaka kwenye miti ya juu. Alimsogelea Mama Notburga na kuinama kama mtu anayenong'ona kwenye kikao.

"Mama, hilo moja si linatosha? Mengine yote yatakuwa kama hilohilo. Weka tu dole, tuandike kwamba yamefanana."

Mama Notburga alifunika kidau, akakizungusha kifuniko mpaka kikabana.

"Huku hatunakili, mwanangu," alisema. "Kila shimo linachimbwa. Shika jembe."