Mimi Msimamizi, Yeye Binti Shangazi

Jumatatu, 2 Februari
Leo nimekuwa bosi! Bweni zima hapa Auckland liko chini yangu: wanafunzi wapya wanaoingia chuoni mwezi ujao, waliokuja kwa mafunzo ya maandalizi ya wiki mbili, pamoja na walezi wao, yaani wanafunzi wakubwa wanaokaa nao na kuwaonyesha njia. Mkuu wetu, Bi Jocelyn, kaniambia wazi: akiondoka mwanafunzi hata mmoja kabla ya kumaliza, nisahau kazi hii mwakani. Nikamjibu hakuna shida. Kisha walezi wakashuka kwenye basi. Wa mwisho, na begi kubwa kuliko yeye, Kalolaine. Binti wa shangazi yangu! Nimekwisha.

Jumanne, 3 Februari
Ofisini mimi niko juu yake. Kwetu Watonga, watu wa visiwa vya Pasifiki, yeye mtoto wa shangazi yuko juu yangu mimi mtoto wa mjomba mpaka kaburini. Akitaka chochote changu anachukua, nami nashukuru. Nilimpangia zamu ya vyoo, makusudi, watu wajue nani ni nani. Akasoma ratiba, akacheka, akaniita mbele ya wenzake: "We mtoto wa mjomba, hebu njoo." Vyoo nimeosha mwenyewe. Vimetakata kweli, ila hilo si hoja.

Jumatano, 4 Februari
Nimemshtaki kwa Bi Jocelyn. Akanishauri nimwambie tu hapana. Maskini mama wa watu! Nimwambie hapana binti shangazi? Mama akisikia atazimia. Kurudi chumbani, godoro halipo. Kalolaine kampa Sulieti, yule mwanafunzi mpya kutoka mji wa Tokoroa, kasema mgongo unamsumbua. Basi mimi nitalalia taulo.

Alhamisi, 5 Februari
Mbinu mpya: asichokiona hawezi kukichukua. Nyama ya kopo nimeificha ndani ya kiatu cha raga. Kompyuta kabatini, kufuli, ufunguo shingoni. Nikajiona mjanja mpaka saa ya chakula. Sulieti kafungasha! Hajaleta kazi ya darasani hata moja, anasema chuo si cha watu kama yeye, kesho anarudi kwao. Nikamsomea kanuni za bweni, zote. Akazidi kulia. Niliona kazi yangu ikiondoka na begi lake. Na kusema kweli mtoto mwenyewe alinitia huruma. Mwaka wangu wa kwanza nililia hivyohivyo, nimejifungia bafuni.

Ijumaa, 6 Februari
Sikukuu ya taifa. Ofisi zimefungwa, begi la Sulieti liko mlangoni, sina la kufanya. Kalolaine akaja, akanyoosha mkono: "Ufunguo." Nikauliza ufunguo gani. Akaninyooshea kidole shingoni. Nikauvua. Akatoa kompyuta yangu, akampa Sulieti, akaketi naye jikoni. Kumbe Sulieti hakuwa na kompyuta! Siku zote alikuwa akiandika kazi kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, zinapotea, naye anaona haya kusema. Mimi nilimsomea kanuni. Kalolaine alimuuliza kulikoni. Jioni begi limerudi chumbani, na wao wanacheka huku wanakula nyama yangu ya kopo. Alijuaje habari za kiatu?

Jumamosi, 14 Februari
Wamemaliza wote! Sulieti alisoma kazi yake mbele ya wazazi, sauti haikutetemeka. Bibi yake akalia. Mimi nikasingizia vumbi. Bi Jocelyn akanisifu kwa moyo wangu wa kumwazima mtoto kompyuta, akanipa kazi ya mwakani. Nikapokea sifa kwa unyenyekevu. Sikuona haja ya kuanza kueleza mambo marefu. Kalolaine kasema kompyuta ikae na Sulieti mpaka ahitimu. Ahitimu!

Lakini nimejifunza. Kosa lilikuwa kwenye kuchagua walezi. Mwakani nachukua watoto wa mjomba wangu, wote. Kwao mimi ndiye mtoto wa shangazi! Wataosha vyoo, watanibebea godoro, na nyama zao nitakula mimi. Nampigia Mjomba leoleo, Kalolaine akishanirudishia simu yangu.