Ombi la Kuajiriwa kwa Jirani Yangu Darlene

Mheshimiwa Mkuu wa Upasuaji wa Watoto,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe na watumishi wako wote. Mimi ni Odessa Tillery, karani mstaafu wa posta hapa Milwaukee, bibi yake Jaelyn, yule mtoto wa miaka tisa aliyelazwa kwenu siku kumi na moja mwezi uliopita. Siandiki kumlaumu mtu. Naandika kuwapa ugunduzi.

Niseme mapema, tusije tukagombana: sisi ni weusi, lakini habari ya rangi siitaji. Kuna watu kila jambo kwao ni rangi. Mimi nimetafuta sababu nyingine zote kwanza, na nimezipata.

1. Mavazi. Jumapili ile Jaelyn aliamka analia, ameshika tumbo upande wa kulia. Kwetu mtu haendi hospitali hivi hivi. Nilimwogesha, nikamchana nywele, nikampaka mafuta miguuni mpaka magoti yakang'aa, naye amejikunja kitandani. Mimi nikavaa suti yangu ya zambarau ya kanisani, kofia yenye unyoya na beji ya miaka thelathini posta, ili mkituona mjue sisi ni watu wa maana. Kujiandaa huko kukachukua dakika arobaini. Nadhani tulizidisha. Mtu aliyependeza namna ile huonekana hana shida.

2. Adabu. Nilimwonya asipige kelele. Muuguzi akamuuliza, "Kuanzia moja mpaka kumi, mpenzi, unaumwa kiasi gani?" Akanong'ona, "Nane." Nikaona kwa macho yangu inaandikwa nne. Nikauliza, kwa ile sauti ninayoitumia benki, kama kalamu imeteleza. "Mama, ametulia huyu," akaniambia. "Mtoto mwenye maumivu ya nane hatulii hivi." Basi kosa ni langu, nimemlea vizuri mno.

3. Kuinuka. Tangu saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana niliinuka mara tatu kwenda kwenye dirisha la mapokezi. Mara ya tatu na askari wa mlangoni akainuka. Kijana wa kwetu, mpole. Akaniambia chini chini, "Mama, nakuomba ukae. Wameniambia nisimame karibu yako." Nikakaa, nisije nikamponza kazini. Jaelyn alikuwa ameacha kulia, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

4. Darlene. Darlene Kosinski ni jirani yangu mzungu, tumetenganishwa na ukuta wa maua miaka ishirini na miwili. Nilimpigia simu aniletee miwani. Alikuwa anatazama mpira, akaja kama alivyo: malapa, sweta limejaa manyoya ya mbwa, na kichwani ile kofia ya sponji ya mashabiki wetu, yenye umbo la kipande cha jibini. Akamtazama Jaelyn mara moja tu, akawageukia wauguzi. "Nyie! Mtoto amekuwa kijivu, nyie mmekaa mnakunywa kahawa? Nani mkubwa hapa?" Askari hakuinuka. Muuguzi akamuuliza Darlene, ambaye tumbo lake halikuwa na neno, maumivu ni kiasi gani. Akasema, "Nane! Kwani huoni?" Ikaandikwa nane.

Dakika kumi na moja baadaye daktari wa upasuaji alikuwa mbele yetu. Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Alipotoka kumpasua aliniambia kwa upole, "Siku nyingine, bibi, mlete mapema." Kofia yangu ilikuwa imelala mapajani, nikawa nauchomoa unyoya wake uzi mmoja mmoja. Nilikuwa na hasira ambayo sijapata kuwa nayo tangu nizaliwe.

5. Ombi. Kwa kuwa tiba imeshaonekana, naomba mumwajiri Darlene. Akae mapokezi tangu asubuhi, na mtoto wa kwetu akiletwa, yeye atazame kisha aseme yaleyale ambayo mama wa mtoto ameshayasema. Apewe kiti chenye mgongo, ana goti bovu. Asipewe sare. Naogopa mkimvalisha vizuri dawa itapungua nguvu.

6. Nyongeza ya ombi, maana Darlene ni mmoja. Kanisani kwetu habari zimeenea na kalenda yake ya jikoni imejaa. Jumanne ana ngiri ya mjukuu wa Dada Lavonne. Alhamisi anakwenda na kina Ruelas wa mtaa wa pili, ambao mtoto wao ana mafindofindo, na Darlene hajui hata neno moja la Kihispania, lakini tumeona si lazima ajue. Mume wake analalamika kwamba hali chakula cha moto. Kwa hiyo wekeni kina Darlene watatu kila zamu. Mkikosa, chapisheni picha yake kubwa kwenye ubao mgumu, na sisi tutasimama nyuma yake na kuongea kwa sauti nyembamba kama ya Darlene.

Nawasalimu madaktari wote, wauguzi, wapishi wa ule uji mzito, mama mfagizi aliyemletea Jaelyn soksi, na yule kijana wa mlangoni. Mungu awalinde, na awape masikio mema.

Wenu mtiifu hadi sasa,
Odessa M. Tillery (Bi.)

Baada ya sahihi: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Jana mchana nilikuwa jikoni namenya viazi vitamu. Jaelyn akanipita, mkono tumboni, akafungua mlango wa nyuma, akavuka nyasi mpaka kwa Darlene. Darlene akamrudisha amemshika mkono, macho yamemwiva. Shukuru Mungu, ilikuwa gesi tu. Nikamuuliza, "Mwanangu, si mimi nilikuwa hapa? Mbona umenipita?" Akanijibu bila ubaya wowote, kama anayenieleza njia ya kwenda dukani: "Bibi, wewe hawakuamini."

Lifuteni ombi langu lote. Darlene simtoi, na hao wengine watatu siwataki. Ninachotaka ni mjukuu wangu akiumwa, aje kwangu.