Kiwanja cha Maji Kupwa

Wakili hakuwahi kuingia mahakamani isipokuwa kama mshtakiwa, lakini jina lilimkaa kama suti ya kushonesha. Siku aliyomsikia mama muuza magodoro akisema anatafuta kiwanja ufukweni kabla matajiri hawajavimaliza, alinyoosha kola, akavuka barabara.

"Mama, Mungu amekuleta kwangu."

"Mimi niko dukani kwangu. Wewe ndiye umeletwa."

Akamweleza habari za ufukwe wa mbali, gari halifiki, mchanga mweupe, nchi kavu mwaka mzima, mwenye nao ana shida anauza chapuchapu. Mama akaikata bei nusu, akatoa malipo ya awali. Wakili akalalamika kidogo, kwa heshima ya kazi, akapokea.

Ujanja wenyewe ulikuwa mwepesi. Wiki ile ufukwe ule ulikuwepo asubuhi tu, maji yakiwa yamekupwa. Mchana bahari ilikuwa ikirudi na kuulalia wote mpaka kwenye miamba. Ilibidi amfikishe mteja mapema, achukue pesa iliyobaki, amwondoe kabla mwenye mali hajarudi. Kilichomtia jasho ni pikipiki ya kumpeleka mteja. Ilikuwa ya shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyewapa sebule walale tangu dili la mwisho lilipoharibika. Pikipiki ikipotea, na mke amepotea.

Njiani mama alimkumbatia kwa nguvu zote.

"Punguza mwendo, mimi si godoro!"

"Godoro lisingenivunja mbavu, mama."

Walipofika, mama aliizunguka miamba, akaishikashika, akarudi. Wakili alikuwa anapandisha pikipiki kwenye majani.

"Unaipeleka wapi? Egesha hapa katikati, kwenye kiwanja changu. Au mchanga wangu una ubaya?"

Wakili akairudisha mchangani. Akaegesha. Mama akafunga usukani, akatia ufunguo kifuani. "Wezi wengi siku hizi."

"Huku kuna wezi gani, mama?"

"Huwezi kujua."

Akafungua kapu, akala polepole kama mtu anayelipwa kutafuna. Kisha akajilaza kivulini, chini ya mwamba.

"Mama, tuandikishane, tuondoke."

"Subiri. Naonja usingizi wa kwangu."

Maji yakaja yakalamba tairi la mbele. Wakili akasukuma, usukani ukagoma. Akajaribu kuinua, mgongo ukalia. Maji yakafika kwenye ekseli.

"Mama, amka! Maji!"

Mama alifungua jicho moja. "Si umesema hapa ni nchi kavu mwaka mzima?"

"Ni... ni wimbi la kupita tu."

"Basi liache lipite." Akalifunga jicho.

Wimbi lililofuata likafika kwenye injini.

"Hapa ni bahari!" Wakili alipiga kelele. "Nimekudanganya, mama! Nipe ufunguo!"

Mama akakaa kitako. "Pesa yangu kwanza."

Wakili akatoa soksini kilichobaki. Pesa nyingine ilikwisha kuwa viatu, kwa hiyo akavua na viatu. Mama akavitia kapuni, akafungua usukani, wakasukuma pamoja mpaka majanini, wote wakihema.

"Tangu lini umejua, mama?"

"Tangu nilipofika. Miamba yako imeota chaza mpaka usawa wa kifua changu. Chaza hawaoti nchi kavu, mwanangu."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Sijapumzika tangu mwaka jana. Pazuri hapa." Akapanda pikipiki, akakaa mbele, akaiwasha kwa teke moja. Kabla ya kupata duka alikuwa akipeleka magodoro kwa pikipiki, miaka kumi. "Hii ni ya shemeji yako. Namfahamu, ni mteja wangu. Nitamkabidhi mwenyewe, na nitamweleza ilikokuwa."

"Na mimi, mama?"

"Wewe ni mwenyeji huku."

Akaondoka bila kutetereka hata kidogo mchangani. Wakili alibaki peku juu ya mwamba, akiwa na njia nzima ya kurudi kwa miguu ili atunge uongo wa kumwambia mkewe. Aliuanza mara tatu. Mara zote tatu, hata kichwani mwake, mkewe alimkatisha kwenye neno la pili.