Vidonge vya Kulwa

Ningemwambia Kulwa "hapana", leo nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia. Neno moja tu. Lakini nilinyoosha kiganja, nikapokea vidonge, nikaumbuka. Niliumbuka mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima, kopo mkononi!

Nimeona humu kundini mnabishana ni unga gani unajaza misuli haraka. Tulieni kidogo, mzee aseme.

Ilikuwa miaka ya sabini, kijijini kwetu karibu na Ushirombo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na majivuno ya kidato cha nne nilikuwa nayo yote. Chama cha ushirika kilitaka karani mmoja wa kuzunguka vijijini msimu wa kununua pamba. Masharti: awe amesoma, na awe na baiskeli yake mwenyewe. Kusoma nilisoma. Baiskeli ilikuwa ya baba, na baba aliipenda kuliko alivyonipenda mimi.

Ndipo yakatangazwa mashindano ya baiskeli ya Saba Saba. Kutoka ofisi ya kijiji hadi Runzewe na kurudi. Zawadi ya kwanza: baiskeli mpya! Nikaona ukarani huo, naushika.

Mpinzani wangu wa kweli alikuwa mmoja tu, Masanja, jirani yetu. Naye alisoma, naye hakuwa na baiskeli yake, naye aliutaka ukarani uleule. Lakini kila tulipofanya mazoezi, mimi kwa baiskeli ya baba na yeye kwa ya kuazima, nilimwacha nyuma akila vumbi.

Jioni ya kuamkia mashindano akaja Kulwa, rafiki yangu, mfagiaji wa zahanati.

"Daudi, usiku huu unakula nini?"

"Michembe na karanga. Na maziwa mgando."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Michembe! Wewe ni mwanamichezo au ghala la viazi vikavu? Wanariadha wa mjini hawali, bwana. Wanameza!"

Akafungua kipande cha gazeti. Ndani mlikuwa na vidonge vingi vya njano. "Meza vitatu sasa, vitatu alfajiri. Tumbo liwe tupu, dawa ipite moja kwa moja miguuni. Na usimwambie mtu."

(Sikuuliza vimetoka wapi. Mtu anayeambiwa "usimwambie mtu" huwa anajua.)

Nikameza. Mama alipoleta chakula nikasema nimeshiba. Kabla ya kulala, Masanja naye akapita kuazima pampu. Akajaza upepo, akarudisha, akaenda zake.

Asubuhi nikamwamkia mama. "Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka. Njoo ule."

"Siwezi, mama. Tumbo halitaki."

Akakifunika chakula.

Kufika ofisi ya kijiji, watu wamejaa, ngoma zinalia, Mwenyekiti ana filimbi shingoni. Nikasema nijisaidie kwanza. Nikaingia kwenye mabua ya mtama.

Jamani!

Mkojo ulitoka wa njano. Si njano ya kawaida. Njano ya ua la alizeti! Unawaka! Nilitaka kuukatiza njiani nikashindwa.

Sasa, kwetu watu wakishindana, iwe kucheza ngoma au kulima, kila upande huogopa dawa za upande wa pili. Mimi msomi nilikuwa nikiwacheka. Siku hiyo usomi wote ulibaki kwenye mabua. Vidonge sikuvifikiria hata kidogo (si vilikwenda miguuni?). Nilichofikiria ni kimoja: pampu!

Nikatoka mbio. "Mwenyekiti, usipige filimbi! Nimerogwa!"

Ngoma zikanyamaza.

"Na nani?"

"Masanja! Jana alishika pampu yangu!"

Masanja akaangusha baiskeli. "Mimi? Nilichukua upepo tu! Nimekuroga kwa upepo?"

"Dalili ni nini?" akauliza Mwenyekiti.

Nikamsogelea, nikanong'ona, "Mkojo, mzee."

"Sema kwa sauti, sisikii."

"Mkojo!"

Wasichana wa kwaya walikuwa hatua chache kutoka pale. Wakatazamana.

"Sikubali," akasema Masanja. Sasa ninamwelewa: kuitwa mchawi kijijini si mchezo. "Auonyeshe huo mkojo. La sivyo ananichafulia jina."

"Ni haki yake," akasema Mwenyekiti. "Mpeni kopo."

Nikapewa kopo la plastiki linaloonyesha ndani. Wazee wawili wakanisindikiza kwenye mabua. Nikarudi nimeliinua juu kama padri na kikombe chake, jua likiangaza ndani. Watu wakasema, "Haaa!" Bibi mmoja akafanya ishara ya msalaba. Nikamtazama Masanja kwa ushindi.

Hapo Kulwa akaangua kicheko nyuma ya watu.

"Daudi, na wewe! Si vidonge tu hivyo? Wale akina mama wa kliniki wote wanakojoa hivyohivyo!"

"Akina mama gani?" akauliza Mwenyekiti.

"Waja..." Kulwa akajiziba mdomo. Amechelewa. "Wajawazito. Ni vitamini zao."

Kijiji kizima kikalipuka.

"Hongera, Daudi!"

"Mimba ya miezi mingapi?"

Na mama yangu mzazi, aliyenizaa kwa uchungu, akapaza sauti: "Kumbe! Ndiyo maana tangu jana chakula kinamchefua!"

Mwenyekiti hakucheka. Alimwambia Kulwa vidonge vya wajawazito vitazungumzwa kikaoni. Mimi akaniamuru nimwombe Masanja radhi mbele ya wote. Nikamwomba. Masanja akanipa mkono, akasema, "Endesha polepole. Hali yako hairuhusu mbio."

Filimbi ikalia. Nilitoka kama mshale ili niikimbie aibu. Lakini tumbo tupu halina siri. Kabla ya Runzewe macho yaliona nyota, nikashuka nikakaa kando ya njia kama mzigo uliodondoka.

Mama mmoja aliyetoka kuteka maji akasimama. Tumbo lake lilikuwa mbele, siku zake zimekaribia.

"Kijana, umekula?"

"Hapana, mama."

Akaingia kwake, akarudi na michembe na kibuyu cha maziwa mgando. Hakujua kwamba vidonge vyake nilikuwa navyo tumboni. Nilikula kwa aibu, lakini nilikula, tena nikaongezwa. Baada ya kupumzika, damu ikarudi mwilini. Nikafika Runzewe, nikageuza, nikarudi bila kushuka tena.

Nilikuwa wa mwisho. Watu walikuwa bado wananisubiri, wakanipokea kwa vigelegele: "Mama Kijacho! Mama Kijacho!" Hata mimi mwenyewe nilicheka.

Masanja alipata baiskeli na ukarani. Alikuwa karani mzuri, na pamba yangu aliipima bila kinyongo. Mimi nililima. Uzee umenikuta bado ninaendesha baiskeli hadi kanisani, na asubuhi ninakula kwanza. Ninyi wa unga, kuleni kwanza.

Vidonge vile vilinigharimu kazi niliyoisomea na jina nililobatizwa: hadi leo kijijini ninaitwa Mama Kijacho. Tafadhali, anayecheka acheke akiwa amekaa mbali na simu, asije akanitumia kicheko chake humu kundini.