Nimelalamikia Tangazo, Nimekuwa Tangazo

Leo nimejidhalilisha mbele ya mtaa mzima, tena kwa runinga yangu mwenyewe. Nawaandikia nyie kabla video haijawafikia, maana itawafikia tu. Someni kwanza, halafu mtaamua.

Kwa wasionijua, mimi ni Baba Koleta, mwenye banda la mpira hapa Makanyagio, Mpanda mjini. Mabati, mabenchi, king'amuzi na runinga moja kubwa. Mlangoni kwangu yupo Deo, anakaanga chipsi. Deo nimesoma naye Usevya, tukalima mpunga pamoja, tukahamia mjini pamoja. Wake zetu walishazoea (hawakuwa na la kufanya).

Jana jioni nilionyesha mechi ya Ulaya. Wakati wa mapumziko likapita tangazo. Mimi sikuliona, nilikuwa nje namsaidia Deo kupepea mkaa. Niliporudi ndani nikakuta watu kimya. Nikadhani tumefungwa.

Leo asubuhi nafagia, namwona Mama Restuta anakuja. Mama Restuta ni kiongozi wa jumuiya yetu ya kanisani. Akiwa amejifunga kitenge kiunoni namna ile, ujue hajaja kusalimia. Nyuma yake wababa wawili, wateja wangu wa jana, wanaangalia chini.

"Baba Koleta, umetuletea nini mtaani?"

"Mpira, Mama Restuta."

"Na wale wanaume wawili?"

"Wanaume gani?"

Akawageukia wale wababa. "Mwelezeni."

Wa kwanza akasema kwenye tangazo kulikuwa na wanaume wawili jikoni wanapika, wakashikana mikono, wakatazamana, basi. Wa pili akasema hapana, mmoja alimbusu mwenzake shavuni, yeye ameona kwa macho yake. Wa kwanza akasema hilo la shavuni hakuliona kwa sababu alifumba macho. Wa pili akamuuliza alijuaje kwamba muda wa kufumba umefika. Ikabaki kidogo washikane mashati. Mimi nikauliza, tangazo lenyewe lilikuwa la kitu gani? Mmoja akasema sabuni. Mwingine akasema majani ya chai. (Mwenye bidhaa kama unasoma hapa, pole sana, hela yako imepotea.)

"Nimewapigia simu wenye televisheni," Mama Restuta akasema. "Wanaongea kizungu, halafu wanaweka muziki. Nimesikiliza muziki mpaka salio limekwisha. Ndiyo nimekuja kwako."

Hapo nikaelewa. Mwenye kituo yuko huko anakojua mwenyewe. Mimi niko Makanyagio na nyumbani kwangu panajulikana.

Habari ikafika kwa mwenyekiti wa mtaa kabla sijamaliza kufagia. Mwenyekiti wetu ni mtu mpole, ila anamwogopa Mama Restuta kuliko anavyomwogopa mkuu wa wilaya. Akatuma neno kwamba mchana tukutane ofisini kwake, na kwamba anafikiria kulifunga banda. Kulifunga leo. Leo, siku ya mechi ambayo watu wameisubiri wiki nzima! Nyie hamjui biashara hii. Mteja akienda banda la Majengo mara moja, akakuta benchi lina mgongo wa kuegemea, humuoni tena. Koleta yuko bweni, mama yake anauza nyanya, na banda ndilo linalotushikilia wote. Nilikaa chini nikaona giza.

Deo akaja, akaniangalia. "Twende wote," akasema. Akamwachia mkewe kikaango, akanishika mkono, tukaenda.

Ofisi ya mtaa ilikuwa imejaa mpaka nje. Waliokuwepo bandani jana walikuwa wachache, lakini walioliona tangazo walikuwa wengi sana. Mama mmoja alilieleza vizuri kuliko wote, na najua kwa hakika jana alikuwa Ikola anafuata dagaa.

Mwenyekiti akasimama. "Baba Koleta, hatusemi umelitengeneza wewe. Tatizo ni msimamo wako, watu hawaujui. Ukilaani hadharani, banda linafunguliwa. Ukikaa kimya, tutajua la kufanya."

"Nitalaani," nikasema. Ningelaani hata majani ya chai.

Sasa, pale nje alikuwepo dada mmoja mwandishi wa kituo cha mtandaoni. Alikuwa ametoka Sitalike kuripoti habari ya kiboko aliyeingia kwenye mashamba ya watu, akakuta kiboko ameshaondoka. Alikuwa na kamera, alikuwa na hasira, na hakuwa na habari. Akaniambia nisimame pale kwenye mwanga. Nikasimama. Watu wakatuzunguka. Kamera ikawaka taa nyekundu.

Jamani, kumbe najua kuongea. Sijui maneno yalitoka wapi.

"Ndugu zangu wa Katavi," nikasema, "mimi kama mwenye banda nimesikitika. Wanaume wawili wazima! Wameshikana mikono mchana kweupe! Wanatazamana! Mmoja anamfuta mwenzake uso!" (Hilo la kufuta uso hakuna aliyelisema. Nililiongeza mwenyewe, hotuba ilikuwa imenoga.) "Nauliza, ni nani hapa kwetu amewahi kuona jambo la namna hiyo? Nani?"

Makofi. Jua lilikuwa la utosini, jasho linaniingia machoni, lakini nilisonga mbele. Nikasema mila. Nikasema watoto. Nikasema maadili mara nyingi kiasi kwamba mwishoni nilikuwa sijui ninamaanisha nini. Mama Restuta akatikisa kichwa kunikubali. Mwenyekiti akashusha pumzi.

Dada mwandishi alipozima kamera akabaki anatuangalia mimi na Deo. Alikuwa na uso wa mtu aliyepata kiboko wake.

"Bakini hivyo hivyo," akasema, "niwapige na picha ya mnato."

"Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Mmependeza."

Tukabaki hivyo hivyo.

Banda likaruhusiwa. Nilirudi natembea kifua mbele. Jioni watu walijaa kuliko siku zote, maana sasa nilikuwa mtu wa kwenye habari. Hata Mama Restuta alikuja, mara yake ya kwanza kuingia bandani, akakaa benchi la mbele. Mwenyekiti naye akaja na katekista. Kabla mechi haijaanza nikaambiwa video imeshatoka. Hapo hapo mke wangu akanitumia ujumbe kutoka sokoni: "Umeiangalia?"

Nikamjibu: "Bado. Nataka niione pamoja na wananchi."

Akajibu: "Iangalie kwanza peke yako."

(Miaka yote hii ya ndoa, mwanamke huyu hajawahi kunishauri vibaya. Sijui kwa nini sikumsikiliza.)

Nikachomeka simu kwenye runinga. Nikamwita na Deo aingie aone. Akaja akasimama kando yangu. Nikabonyeza.

Sijawahi kujiona mkubwa namna ile. Nilijaa kioo chote. Mwanzoni nilikuwa naangalia shati langu, nikaridhika nalo. Nikasikia sauti yangu, nikaridhika nayo pia. Watu walikuwa kimya kabisa, nikasema moyoni, hotuba imewaingia.

"Rudisha nyuma," Mama Restuta akasema.

Nikajua ameipenda. Nikarudisha.

"Sasa simamisha hapo."

Nikasimamisha. Ndipo nikaona.

Pale nje ya ofisi ya mtaa, kwenye mwanga, nilikuwa nimesimama nimeshikana mkono na Deo. Vidole ndani ya vidole. Nikaachia video iendelee, nikidhani ni ajali ya sekunde moja. Haikuwa ajali. "Wameshikana mikono mchana kweupe!" nasema mimi, na mkono wa Deo naunyanyua juu kabisa ili kutia mkazo. "Wanatazamana!" nasema, namgeukia Deo, naye ananiangalia kwa huruma. Halafu nikafika kwenye "anamfuta mwenzake uso," na Deo, ambaye aliona jasho linanisumbua, akatoa kitambaa mfukoni akanifuta paji la uso taratibu. Akamalizia na kidevu. Akaninyooshea na kola.

Nyie mnajua tulivyo huku kwetu. Mwanaume akikutana na mwenzake anamsalimia kwa mkono, na mkono hauachiwi mpaka mazungumzo yaishe. Na Deo ndiye amezidi. Deo hawezi kuongea na mtu bila kumshika mkono. Hata akipigiwa simu anashika meza. Tangu tulipotoka bandani mchana hakuwa ameuachia mkono wangu, na mimi sikuwa nimeona sababu ya kuudai.

"Nani hapa kwetu amewahi kuona jambo la namna hiyo?" ikauliza runinga.

"Mimi," mtu mmoja akajibu kutoka nyuma. "Naliona sasa hivi."

Nikageuka niwaambie kitu. Ndipo banda zima likaona kwamba hata muda ule, nimesimama mbele ya runinga, Deo alikuwa amenishika mkono.

Walicheka mpaka mabati yakalia. Mwenyekiti alicheka mpaka akamwegemea katekista, halafu akakumbuka, akajiondoa. Deo hakucheka. Aliuangalia mkono wake, akautoa ndani ya wangu, akaufuta kwenye aproni, akatoka nje.

Mechi ikaanza, na hapo ndipo nikaona nimeharibu kitu ambacho sikujua kama kipo. Mabenchi yangu yalitengenezwa kwa watu wanaobanana. Huyu mkono begani kwa yule, goti kwa goti, ndivyo tunavyoenea. Leo kila mwanaume alikuwa anajivuta asiguse mwenzake. Nusu ya wateja wakakosa pa kukaa, wakasimama nje wakichungulia dirishani, na hata pale dirishani walipeana nafasi. Goli likaingia. Siku nyingine yoyote wangerukiana, wangekumbatiana, mzee angebebwa juu. Leo kila mtu alisimama peke yake mikono juu, kimya, wamekuwa kama watu waliokamatwa na polisi. Halafu wakakaa. Mtu mmoja akasema "goli zuri," mwingine akasema "ndiyo." Sijawahi kuona mpira wa huzuni namna ile.

Mechi ilipokwisha nikatoka nje. Nikamwambia Deo anipimie chipsi.

Akanipimia. Akaniuliza, "Pilipili?"

Nilisikia vibaya, sitanii. Deo hajawahi kuniuliza pilipili. Pilipili wanaulizwa wateja. Banda langu limepona, nikasema moyoni, na rafiki yangu ananihudumia kwa adabu.

"Deo," nikasema, "mimi sikuwa nakusema wewe."

"Ulikuwa unawasema akina nani?"

"Wale wa kwenye tangazo."

"Uliwaona?"

"Sikuwaona. Nilikuwa hapa, napepea mkaa wako."

"Sasa kama hukuwaona wao," akasema, "pale mbele ya kamera ulikuwa unamwona nani?"

Tulikaa, yeye huku na mimi kule, chipsi zinapoa. Nikamwambia nimekosa. Akasema amesikia. Akaendelea kusafisha kikaango ambacho kilikuwa kisafi.

Mama Restuta akatoka bandani, akaagiza chipsi za kubeba. Akamwangalia Deo, akaniangalia mimi.

"Nyie mbona mmekaa mbalimbali hivyo, mnagombea kiwanja?"

Akasubiri chipsi zake, akafikiri, akauliza kwa sauti ya chini:

"Hivi wale wa kwenye tangazo, ni kweli walikuwa jikoni?"

"Ndivyo nilivyoambiwa."

"Wote wawili wanapika?"

"Wote wawili."

"Baba Restuta hajawahi kuingia jikoni kwangu hata kuulizia maji," akasema. Akachukua chipsi zake akaondoka.

Deo akajikaza. Akajikaza tena. Halafu akacheka, akacheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikacheka kwa sababu nilikuwa nahitaji sana kucheka na mtu. Alipomaliza akafuta machozi, akavuta ndoo, akakaa kando yangu, akanidaka mkono kwa nguvu.

"Sasa nisikilize wewe mjinga," akasema.

Ndipo nilipo mpaka muda huu. Ameanza na hotuba yangu, ameichambua neno kwa neno, sasa amefika kwenye mambo niliyomfanyia Usevya tukiwa darasa la nne, na hajaonyesha dalili ya kumaliza. Watu wanapita, wanatuangalia, wanatupiga picha. Nawaomba msicheke. Na mkikuta herufi zimekosewa humu mnivumilie, naandika kwa mkono mmoja.