Ulaya ya Kisarawe

Tito alikuwa anakunywa supu pale Maili Moja, Kibaha, supu ambayo ingelipwa na mtu mwingine ingawa mtu huyo alikuwa bado hajaambiwa, aliposikia neno "Ujerumani" likitajwa meza ya nyuma. Akaweka kijiko chini. Chakula ni chakula, lakini Tito alikuwa na adabu zake: watu wakianza kuzungumzia pesa, yeye hatafuni.

Walikuwa wazee watatu wa kwaya ya Kilutheri. Mzee Samweli ndiye mwenyekiti. Adamu, fundi cherehani, ndiye katibu. Mama Herieth, mfugaji wa kuku, ndiye mhazini. Kwaya ilikuwa imealikwa na usharika rafiki wa Ujerumani, benki ikawapa kadi ya kusafiria, na tangu wapewe hakuna aliyethubutu kuitumia.

"Mbele ina kidude cha chuma," alisema Mzee Samweli, akiigeuza kadi kama anakagua samaki. "Nyuma kuna mahali pa kutia saini. Halafu kuna namba ya siri. Sasa huko ng'ambo wanataka kipi? Chuma, saini, au siri?"

"Inategemea umesimama wapi, mzee wangu." Tito alikuwa ameshahamia meza yao na supu yake. "Shikamooni. Bwana asifiwe."

"Amina. Marahaba, mwanangu. Wewe nani?"

"Mwalimu wa kadi. Nimefundisha wengi. Kule kuna duka linachomeka kile kidude cha chuma, chipu inaitwa, kisha linataka namba ya siri. Kuna duka linatoa karatasi utie saini. Na kuna mashine za tiketi za treni, hazina mtu, usiku na mchana ziko peke yao. Hizo ukizionyesha saini zinakutazama tu. Zinataka namba. Ukikosea mara tatu, kadi imefungwa, kwaya imebaki stesheni, na baridi ile!"

Adamu akasogeza kiti karibu. Mama Herieth hakusogea. Alimtazama Tito kama anavyomtazama mnunuzi anayesifia kuku kabla ya kuuliza bei.

"Unafundisha shilingi ngapi?" akauliza.

"Bure, mama. Nitawajengea Ulaya ndogo Kisarawe, kule juu kwenye kibaridi, mjifunze kwa vitendo."

Neno "bure" lina nguvu zake. Mzee Samweli alilipia supu.

Jioni hiyo Tito alimwelezea Laurentia mchongo wote. Laurentia alikuwa mchumba wake kwa miaka sita. Katika miaka hiyo alikuwa amewahi kuwa nesi, mjane wa kanali, na wakala wa mbolea ambayo haikuwahi kufika. Kitu pekee ambacho hakuwahi kuwa ni mke wa Tito. Pesa ya mahari walikuwa nayo, wamedunduliza, imelala chini ya kitanda. Kila ikikaribia kupelekwa kwa baba yake, Mzee Athanas, kule Vihingo, Tito alipata dili lililohitaji mtaji.

"Hii ndiyo ya mwisho," Tito alisema. "Wakibonyeza namba, mimi naiona. Nabadilisha kadi, nawapa ya kufanana. Kesho yake nipo kwa mzee na mahari mara tatu."

"Mimi safari hii nani?"

"Mjerumani."

Laurentia alivuta pumzi ndefu, akaenda kutafuta wigi.

Sasa, tapeli mwingine angepanga meza na kiti akasema hii Ulaya. Tito alikuwa fundi wa kazi yake. Alikodi nyumba mlimani Kisarawe, akagawa sebule kwa mapazia: huku duka, huku mgahawa, kule stesheni ya treni. Friji liliachwa wazi ili baridi isambae. Alinunua mashine mbovu ya kadi, iliyobakiwa na vitufe tu, na nyuma ya kaunta akapachika kioo cha kuonyesha vidole vya mteja. Kisha akakesha na simu akisoma mambo ya kadi za kusafiria, maana uongo mzuri unataka malighafi ya kweli.

Kwaya ilifika kwa Kosta, watu kumi na tano, masweta hadi shingoni. Nyuma ya kaunta alisimama Madam Greta, wigi la manjano, koti la sufi, jasho likimtiririka mgongoni.

"Mkiulizwa mlipe kwa pesa ya kwao au ya kwetu," Tito alifundisha, "chagueni ya kwao. Ya kwetu inapigwa hesabu kwa bei ya kuwaumiza. Mgahawani, kadi isiondoke machoni penu; mashine ndiyo ije mezani. Na benki iambieni mapema kwamba mnasafiri, wasije wakadhani kadi imeibwa."

Yote yalikuwa kweli tupu. Ni aibu kusema, lakini siku ile Tito alikuwa mwalimu bora kuliko wengi wanaolipwa.

Umeme ukakatika. "Ulaya nako kuna mgao?" aliuliza bibi mmoja wa sauti ya kwanza. "Wanaiga mazuri yetu," Tito alijibu, na somo likaendelea.

Wakafika kwenye namba ya siri. Tito akatulia, jicho kwenye kioo. Mzee Samweli akaenda kaunta, akabonyeza kitufe kimoja, akageuka na kuondoka.

"Mzee, malizia."

"Nimemaliza. Mimi nina moja tu."

Ikabidi Tito aelezwe. Kwaya ile haikuwahi kumwamini mtu mmoja na hata ufunguo wa kabati la majoho, sembuse kadi. Namba ya siri ina tarakimu nne, kwa hiyo waliigawa: kila mtu tarakimu yake, asiijue ya mwenzake. Adamu alikuja na yake, akabonyeza kwa kidole kilichofichwa ndani ya kofia. Mama Herieth alifunika mashine nzima kwa khanga, akabonyeza mara mbili.

"Mbona mama mbili?"

"Mshika namba wa nne alihama, akamwachia," alisema Adamu kwa uchungu. "Nusu ya serikali iko chini ya khanga moja. Tunatafuta mtu."

Tito aliona kofia, akaona khanga, na kioo hakikumpa kitu. Akaona pia mlango umefunguka wenyewe.

"Kama mtaniamini," akasema kwa unyenyekevu mpaka akajishangaa.

Mama Herieth alisema atalifikiria, na kwa sasa angependa kujua chai ya Wajerumani inapikwaje. Akamfuata Madam Greta jikoni. Walikaa huko muda mrefu. Tito alifurahi, mteja akipenda chai, amependa duka.

Mama alirudi na jibu. "Tunakukubali. Ila mshika namba huweka dhamana humo humo kwenye kadi, milioni mbili. Akikimbia na namba yetu, anakimbia na hasara yake."

Milioni mbili ndizo zilizokuwa chini ya kitanda, si zaidi, si pungufu. Mtu mwenye akili zake angejiuliza. Tito aliona bahati.

"Hiyo ni mahari yangu," Laurentia alimwambia usiku.

"Inaenda kuwaita wenzake."

"Tito, niangalie. Ukiichukua hiyo, umeichukua."

"Siku mbili tu, mpenzi!"

Laurentia aliinua godoro mwenyewe, akampa.

Basi Tito akakabidhi dhamana, akanong'onezwa tarakimu yake, saba, na papo hapo akapendekeza jaribio la mwisho kwenye ATM ya kweli pale Kibaha. Alijua kofia na khanga havitatosha mbele ya mtu aliyesimama bega kwa bega nao. Mama Herieth alikubali haraka mno.

Jumamosi asubuhi walikutana. Mlinzi alisema chumbani huingia mtu mmoja; Mzee Samweli akamweleza kuwa wao wanne ni mtu mmoja, kwa mujibu wa kikao. Nyuma yao foleni ilikuwa ndefu, maana ilikuwa mwisho wa mwezi. Na mwanzoni kabisa mwa foleni alisimama Laurentia, bila wigi, na pembeni yake Mzee Athanas wa Vihingo katika koti lake la misa.

Tito aliangalia njia ya kutokea, akakuta foleni imeiziba.

"Shikamoo, baba," alisema, kwa kuwa adabu haiishi hata kiama kikifika.

"Marahaba, mkwe."

"Mwanangu," Mama Herieth alisema taratibu, "kadi ya kwaya iko nyumbani. Hii ni ya kikundi chetu sisi watatu cha kuku, namba yake tumeigawa vilevile, na humu mna dhamana yako peke yake. Laurentia aliniambia yote jikoni. Alilia mpaka wigi likapinda. Pesa hii bila sisi haitoki, na bila wewe hatuitoi. Hatukulazimishi."

Tito aliyeingiza mjini nusu ya mkoa alikuwa ameingizwa mjini na wafuga kuku! Alimgeukia Laurentia. Alitaka kumkasirikia, hasira ikakataa kuja.

"Nimechoka kuwa watu wengine," Laurentia alisema. "Ukiondoka sasa, sitakufuata na sitakulaani. Ila nyumbani hutanikuta."

Mzee Samweli akabonyeza. Adamu akabonyeza. Mama Herieth akabonyeza, bila khanga safari hii. Kidole cha Tito kikabaki hewani. Kitufe cha nane kilikuwa jirani tu na saba. Akikosea kidogo, mahari inabaki ndani, na mtaji ukiwa hai lipo kesho dili jingine. Alilifikiria hilo kwa dhati. Kisha akafikiria chumba kisicho na Laurentia, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake aliogopa kweli.

"Kaka!" mtu alipiga kelele kutoka foleni. "Si uoe tu, tuondoke?"

Akabonyeza saba.

Mashine ikanguruma, ikatoa laki nne. Hicho ndicho kiwango chake kwa mara moja. Ili milioni mbili zitoke, ilibidi waanze upya: mwenyekiti, katibu, mhazini, Tito. Mara ya pili Tito alibonyeza amefumba macho. Mara ya tatu aliyafumbua. Mara ya nne Adamu alikuwa anaongea na mlinzi, na ni Tito aliyemvuta shati: "Katibu, zamu yako, baba wa watu anasubiri!" Mara ya tano foleni nzima ilihesabu pamoja naye, na saba ilipoingia wanawake wakapiga vigelegele, mlinzi akishika kichwa.

Laurentia alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Tito alimshika mkono na hakuona haya.

Mzee Athanas alizipokea noti, akazitia mfuko wa ndani wa koti bila kuzitazama, akakohoa.

"Nimeshukuru. Hiyo ni mahari," alisema. "Sasa tukae mahali tuzungumze faini ya kuchelewa, na mkaja wa mama yake."