Vichwa vya Mbuzi kwa Profesa

Jumatatu, 4 Machi 1974
Nyeri. Baridi kali. Habari kubwa: Ijumaa Profesa Kingori wa chuo kikuu anakuja kuchagua mkuu wa utafiti wa kifafa. Mkuu huyo atatoka kwetu maabara au kwa madaktari wa wodini. Kwetu, yaani mimi, Gatimu. Kwao, yaani Theuri, ambaye ubongo anaukisia kutoka nje tu, kama mtu anayegonga tikiti sokoni. Theuri nimemwambia kwamba Profesa anakuja Jumamosi. Ameshukuru sana.

Jumatano, 6 Machi
Nimekwenda Nanyuki kwa Bulle, muuza mbuzi, nikanunua vichwa vibichi. Nitavipasua mbele ya Profesa na kumwonyesha ubongo, sehemu kwa sehemu. Bulle aliuliza nina sherehe gani. Nikasema ya sayansi. Akanitakia ndoa njema. Friji ya maabara imejaa damu za wagonjwa, kwa hiyo nimeviweka katika ile ya jikoni.

Ijumaa, 8 Machi
Msiba! Profesa amefika, mimi nimevaa koti jeupe, kisu mkononi, na friji tupu. Mpishi wetu Wamucii aliona vichwa, akasikia kuna mgeni, akapika supu. Nikauliza kwa nini hakuniuliza.

"Ati niulize? Kichwa ya mbuzi iko na kazi gani ingine?"

Na kwa kuwa supu ya mgeni hainywewi kwa kujificha, alikuwa ameita wodi nzima. Theuri akaketi ubavuni mwa Profesa, bakuli lake kubwa kuliko langu. Alinishukuru kwa kumkumbuka. Nilitaka kulia.

Kisha Theuri akasimulia habari za mgonjwa wake, Mama Murugi wa Mweiga, ambaye husikia harufu ya viazi vinavyoungua kabla ya kuanguka kifafa. Ngatia, fundi wangu wa mashine ya kupima mawimbi ya ubongo, akaweka bakuli chini. Alisema mawimbi ya mama huyo huchafuka upande mmoja wa kichwa, naye siku zote alidhani waya umelegea. Yeye na Theuri wakatoka mbio pamoja kutazama michoro yake. Profesa akasema ametamani miaka mingi kuwaona watu wa maabara na wa wodi meza moja. Akauliza wazo ni la nani. Wamucii akasema vichwa ni vya Daktari Gatimu. Sikubisha.

Jumamosi, 9 Machi
Mkuu ni mimi! Theuri mwenyewe alipiga makofi. Mama Murugi amebadilishiwa dawa, na kiti changu kipya kinazunguka. Profesa ameagiza maabara na wodi tukutane kila Ijumaa, kwa supu. Nimewatangazia wote.

Theuri nimemwambia ni Jumamosi.